Kabla ya Kumtafuta Jini, Tufungue Daftari

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tunaomba radhi tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, lisilostahiki ukurasa huu uliozoea kujadili tauhidi, bid'a na mwenendo wa jamii yetu. Jambo lenyewe ni maumivu ya kichwa ya mtoto. Tunalizungumza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maumivu hayo ni makubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ya pili ni nzito zaidi: katika jambo hili sisi wenyewe, tuliojinasibisha na kazi ya kuitakasa dini na ushirikina, tulikosea, na gharama ya kosa letu aliilipa mtoto asiye na hatia.

KISA CHA MTOTO MMOJA

Mtoto huyo ni wa kiume, na mambo haya yalipoanza alikuwa na umri wa miaka tisa. Asubuhi alikwenda shule ya msingi, alasiri alikuja madrasa ya msikiti wetu. Mara mbili au tatu kwa wiki, katikati ya somo, uso wake ulipauka, akashika paji la uso na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Mara nyingine alitapika kabla hajaufikia mlango. Akirudi nyumbani alijifungia chumbani, akajifunika shuka gubigubi, hataki taa wala sauti, akalala. Akiamka baada ya saa tatu au nne alikuwa mzima, anaomba chakula na kuulizia mpira wake.

Huko kupona kwake kwa haraka ndiko kulikotuponza. Tuliulizana: ni maradhi gani haya yanayokuja Qur'an inaposomwa na kuondoka mtoto akifika kwao? Wapo waliosema ni uvivu, na mmoja wa walimu wetu alimchapa fimbo mbele ya wenzake. Kisha likaja jibu lililoonekana kuwa la kielimu zaidi: mtoto ana jini, na jini huyo hastahamili kusikia Qur'an.

Hatukumpeleka kwa mganga. Hatukumvalisha hirizi, hatukumpigia ramli, hatukuagiza kuku mweusi, na kwa hilo tulijipongeza. Tulimsomea ruqya, tukamsomea tena, tukampa maji ya kusomewa na mafuta ya zeituni, na kazi hiyo ikaendelea karibu mwaka mzima. Mama yake alipoitaja hospitali aliambiwa awe na subira na aizidishe imani yake. Katika mwaka huo mtoto alianza kuuogopa mwili wake mwenyewe. Usiku mmoja alimuuliza mama yake swali ambalo tulipolisikia lilituchoma, na hadi leo linatuchoma: ikiwa ndani yangu mna jini anayeichukia Qur'an, je, Allah ananipenda?

Mama huyo, Allah amlipe kheri, mwishowe alimpeleka hospitali bila kutuuliza. Tabibu alimpima, akamkagua macho, shingo na mwendo, kisha akauliza maswali ambayo hapana hata mmoja kati yetu aliyewahi kuyauliza. Mtoto anakula saa ngapi? Analala saa ngapi? Anakunywa maji kiasi gani? Katika ukoo yupo mwingine mwenye maumivu kama haya? Hapo mama akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, tangu alipovunja ungo, hupatwa na kichwa cha upande mmoja inapokaribia hedhi, na kwamba bibi wa mtoto huyo alikuwa na ada ya kujifunga kitambaa kichwani na kulala gizani mchana kutwa. Jina la maradhi hayo limo katika lugha yetu tangu zama za wazee wetu: kipandauso.

Tabibu hakumpa dawa nyingi. Alimwagiza mama anunue daftari, na kila siku aandike saa ya mtoto kulala na kuamka, alichokula na wakati alipokula, alichokunywa, alikokuwa, na kama alishikwa na kichwa ama hakushikwa.

Daftari hilo tumelisoma kwa idhini ya wazazi wake. Katika wiki sita mtoto alishikwa mara 14. Mara 10 kati ya hizo zilikuwa siku za madrasa ambazo alitoka shuleni saa nane mchana akaja kwetu moja kwa moja, akiwa hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, na chai yenyewe mara nyingine ilikuwa ya rangi bila kitafunio. Mara tatu zilikuwa Jumamosi, baada ya kukesha usiku wa kuamkia siku hiyo akitazama televisheni kwa mjomba wake. Moja haikujulikana sababu yake. Ama siku za Jumapili, ambazo husoma Qur'an nyumbani pamoja na baba yake baada ya kunywa uji, hakushikwa hata mara moja.

Basi huyo ndiye jini tuliyehangaika naye mwaka mzima. Alikuwa ni njaa, kiu, na joto la bati la madrasa yetu.

DINI ILIKUWA IMESHATUFUNDISHA

Haya hatukulazimika kuyajua kwa gharama hiyo. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alifanya hijama kichwani hali akiwa katika ihramu, kwa sababu ya shaqiqa iliyompata. Shaqiqa ni jina la Kiarabu la maumivu haya haya ya kipandauso. Tutafakari vyema. Mbora wa viumbe, aliyekuwa akiteremshiwa Qur'an, alipatwa na maumivu hayo akiwa ndani ya ibada. Hapana aliyethubutu kusema kwamba yanatokana na jini. Yalikuwa maradhi ya mwili, naye akayatafutia tiba ya mwili iliyojulikana katika zama zake.

Mabedui walipomuuliza kama watafute tiba, aliwaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo imo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi. Tena akafundisha kwamba mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Wangapi miongoni mwetu tunaogawa chupa za maji na mafungu ya mizizi tumewahi kuisomea hadithi hiyo darsa?

Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na mwaka 1350 Miladia, ameuandikia mlango wa maumivu ya kichwa na shaqiqa katika kitabu chake Zad al-Ma'ad. Miongoni mwa sababu za maumivu ya kichwa ametaja kukesha, njaa kali, joto, huzuni na fikra nyingi, na hata kubeba kitu kizito kichwani. Akaeleza kwamba tiba inatofautiana kwa kadiri sababu zinavyotofautiana: yako maumivu ambayo tiba yake ni kula chakula, yako ambayo tiba yake ni utulivu na mapumziko, yako ya kupozwa, na yako ambayo mgonjwa hutakiwa aepushwe na sauti na harakati. Mwanachuoni huyu ndiye tunayemnukuu kila mwezi tunapopinga hirizi. Lau tungelimsoma pia katika mlango huu, tungelimpa mtoto yule chakula na kivuli badala ya kumsomea kwa sauti ya juu karibu na sikio.

MARADHI YENYEWE

Kipandauso si kichwa cha kawaida kinachomshika kila mtu baada ya kazi ya juani. Ni maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu ambayo aghalabu hurithiwa katika ukoo. Makadirio ya kitabibu yanawaweka watoto na vijana wenye maradhi haya baina ya 7 na 11 katika kila 100. Maana yake ni kwamba madrasa yenye wanafunzi 100 haikosi kuwa nao kadhaa, ijapokuwa majina yao huenda yameandikwa katika orodha ya watoro na wavivu. Kabla ya balehe huwapata wavulana na wasichana kwa kiasi kinachokaribiana. Baada ya balehe wasichana huwa wengi zaidi.

Kwa mtoto, dalili zake hutofautiana kidogo na za mtu mzima. Maumivu mara nyingi hukaa paji la uso au pande zote mbili za kichwa, na huweza kudumu saa mbili tu, ingawa huweza pia kufika siku tatu. Hupwita kama ngoma na kuzidi mtoto anapotembea au kupanda ngazi. Huandamana na kichefuchefu au kutapika, na kuchukia mwanga na kelele. Wako ambao kabla ya maumivu hupiga miayo, hukasirika bila sababu au hupauka uso. Wachache huona mbele ya macho yao vimulimuli na mistari yenye kupindapinda, na mtoto akiyaeleza hayo ndipo watu wazima wanapotazamana na kunong'ona kuhusu mashetani. Baina ya shambulio na shambulio mtoto huwa mzima kabisa. Kwa hiyo kupona kwake haraka si dalili ya uongo wala ya jini. Hiyo ndiyo sura ya maradhi yenyewe.

Maumivu yakifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikawa na sifa za kipandauso, matabibu huyaita kipandauso sugu. Mtoto wa namna hiyo anapoteza masomo, marafiki na furaha. Kumwambia avumilie bila kumtafutia tiba ni kumwacha peke yake.

VICHOCHEO NA JINSI YA KUVITAFUTA

Mtoto mwenye kipandauso amezaliwa na ubongo mwepesi wa kushtuka. Kinachoushtua ndicho tunachokiita kichocheo. Vinavyojulikana zaidi ni kupitisha wakati wa chakula, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi siku za mapumziko, upungufu wa maji mwilini, jua kali na mwanga mkali, harufu nzito, wasiwasi wa mitihani, hofu ya kupigwa, ugomvi wa nyumbani, na kwa wasichana waliobaleghe, siku zinazokaribia hedhi. Kuhusu harufu, tuseme wazi kwamba udi na marashi tunayoyapenda, na mafuta ya taa ya koroboi, huweza kumwangusha mtoto wa namna hii. Kumwondolea chetezo chumbani hakupunguzi chochote katika dini yetu.

Katika vyakula tunahitaji tahadhari. Wapo wazazi wanaomkataza mtoto nyama, samaki, maziwa, mayai na maembe kwa wakati mmoja, mpaka anakonda, na njaa hiyo yenyewe inakuwa kichocheo kipya. Chakula kinachomdhuru huyu hakimdhuru yule. Isitoshe, mtoto huweza kutamani kitu kitamu kwa sababu shambulio limeshaanza ndani kwa ndani, akakila, kisha kitu hicho kikalaumiwa bure. Ndiyo maana tunasisitiza daftari. Liandikwe kila siku, za maumivu na za afya, kwa wiki nne hadi nane, kwani ukiandika siku mbaya peke yake huwezi kujua siku njema zilitofautiana nazo kwa lipi. Mtoto mwenye umri wa kuandika aandike mwenyewe. Kisha jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja, na matokeo yatazamwe. Mara nyingi vichocheo viwili hushirikiana: mtoto hustahamili njaa peke yake na jua peke yake, lakini njaa ikikutana na jua anaanguka.

ANAPOSHIKWA, NA HABARI YA DAWA

Mtoto akishikwa alazwe mahali penye giza na utulivu, apewe maji kidogo kidogo, awekewe kitambaa cha maji baridi pajini, na aachwe alale. Usingizi ni katika tiba kubwa za maradhi haya. Dawa ya kutuliza maumivu, kama parasetamoli au ibuprofeni, hufaa zaidi ikitolewa mapema, mwanzoni mwa shambulio, kwa kipimo cha uzito wa mtoto kama alivyoelekeza tabibu au mfamasia. Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila amri ya tabibu, kwani imehusishwa na maradhi adimu lakini ya hatari ya ini na ubongo.

Lipo kosa linalotendeka katika nyumba nyingi kwa nia njema. Mama anamhurumia mwanawe, anampa vidonge kila siku kutoka duka la mtaani, na maumivu badala ya kupungua yanaongezeka. Dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe hugeuka kuwa sababu ya kichwa kuuma. Ikiwa mtoto anahitaji kidonge zaidi ya siku mbili au tatu kwa wiki, hiyo ni ishara ya kurudi kwa tabibu.

Vilevile tuache ada ya kusema kila kichwa ni malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Mtoto asiye na homa, ambaye amemeza dawa ya malaria mara tano kwa mwaka bila kipimo kuonesha vimelea, ametibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Pamoja na hayo, si kila kichwa ni kipandauso, na kwa hili hatutaki daftari liwe kisingizio kipya cha kuchelewa. Mtoto apelekwe hospitali bila kungoja ikiwa maumivu yamemjia ghafla na kwa ukali asioupata kuwahi kuujua. Ikiwa ana homa na shingo imekakamaa. Ikiwa ameanguka au kugongwa kichwani. Ikiwa amepata degedege, amepoteza fahamu, anayumba, macho yamekwenda upande au kiungo kimelegea. Ikiwa maumivu humwamsha usingizini au hutapika kila asubuhi. Ama ikiwa maumivu yanazidi wiki hadi wiki. Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza naye aonwe mapema.

KWA NINI CHUPA YA MAJI HUONEKANA KUPONYA

Tunajua watakaotujibu: mbona fulani alisomewa akapona? Hatukanushi kwamba Qur'an ni shifaa, wala hatukanushi kuwepo kwa majini, wala ruqya isiyo na shirki, ambayo Mtume (s.a.w.) aliiruhusu. Mzazi amsomee mwanawe Suratul Fatiha na Muawidhatain kila usiku, kwa sauti ya upole, huku amemwekea mkono kichwani. Hiyo ni ibada, na ni mapenzi ambayo mtoto hayasahau.

Tunachokataa ni kuigeuza ruqya kuwa uchunguzi wa maradhi, tena wenye bei. Chukueni mfano huu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani ambamo watoto na vijana 361 wa miaka 8 hadi 17 wenye kipandauso waligawanywa katika mafungu matatu. Mawili yalipewa dawa mbili tofauti za kinga, amitriptilini na topiramate, na la tatu lilipewa kidonge kisicho na dawa yoyote, bila wao kujua. Baada ya wiki 24, siku za maumivu zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 52 ya waliotumia dawa ya kwanza, asilimia 55 ya waliotumia ya pili, na asilimia 61 ya waliopewa kidonge kitupu.

Katika matokeo hayo mna bishara na mna onyo. Bishara ni kwamba, kwa idhini ya Allah, watoto wengi wa namna hii hupata nafuu wakifuatiliwa kwa karibu na kutulizwa moyo, hata bila dawa kali. Onyo ni kwamba maradhi yanayokuja na kuondoka humpa sifa yeyote aliyekuwa karibu yalipoondoka. Mganga wa ramli hujisifu kwa njia hiyo, na muuza maji ya kusomewa pia. Tumewatoa watu katika hirizi kwa juhudi ya miaka mingi. Tukiwapeleka kwenye chupa yenye bei, na tukawazuia wasiende hospitali, basi tumebadilisha jina la duka na biashara imebaki ile ile.

WAJIBU WETU

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika sala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama yake unavyotaabika. Ikiwa sala, nguzo ya dini, ilifupishwa kwa ajili ya mtoto anayelia, ni kipi kinachotuzuia sisi kulegeza ratiba ya madrasa kwa ajili ya mtoto anayeumwa?

Baada ya kisa hiki madrasa yetu imebadilisha mambo manne. Somo linaanza baada ya sala ya Alasiri badala ya saa nane na nusu, ili mtoto apate kupita nyumbani na kula. Kila mwanafunzi huja na chupa yake ya maji, nayo si ya kusomewa, ni ya kunywa. Mtoto akisema kichwa kinamuuma hulazwa ukumbini penye kivuli na mzazi wake hupewa habari, na hapana mwalimu mwenye ruhusa ya kumchapa kwa hilo. Na hapana mtu mwenye ruhusa ya kumtangaza mtoto kuwa ana jini. Mabadiliko haya hayakugharimu chochote kinachozidi uwezo wa msikiti wowote, nasi tunawausia ndugu zetu wa misikiti mingine wayafikirie.

Kuhusu Ramadhani, wazazi wakumbuke kwamba mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kufunga, na mazoezi tunayompa ni mazoezi tu. Njaa, kiu na usingizi uliokatwa na daku ni vichocheo vitatu vilivyokutana katika siku moja. Aliyebaleghe akawa na kipandauso kikali atake ushauri wa tabibu mwaminifu, kwani Allah (s.w.) katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Asidharauliwe kwa kuitumia.

Kina baba nao tuna neno nao. Katika kisa hiki aliyeamka usiku, aliyesafisha matapishi, aliyelaumiwa na mawifi kwamba ukoo wake una pepo, na hatimaye aliyepanda basi kwenda hospitali, ni mama peke yake. Baba alikuwa nasi msikitini akitusubiri tumalize kusoma. Sasa yeye ndiye anayeandika daftari kila jioni, na ametuambia kwamba ndani ya miezi hiyo amemjua mwanawe kuliko katika miaka yote tisa ya nyuma.

Mtoto huyo bado ana kipandauso, nasi hatutaki kumdanganya msomaji kwa hadithi ya muujiza. Mwezi uliopita alishikwa mara mbili. Alipokuwa akishikwa mara mbili au tatu kila wiki, hiyo ni neema ya kushukuriwa. Sisi, kwa upande wetu, tulimwendea nyumbani kwao. Tulimwomba radhi yeye na mama yake, mbele ya baba yake, kwa mwaka tuliompotezea na kwa fimbo aliyochapwa. Tukamjibu pia lile swali lake, ambalo tulipaswa kulijibu siku ya kwanza: kwamba mtu aliyependwa na Allah kuliko viumbe wote aliumwa na kichwa hiki hiki, akakitafutia tiba. Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama Mtume (s.a.w.) naye alitapika. Tulimwambia kwamba hilo hatukulisoma mahali. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku nyingi tumwone akicheka mbele yetu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye watoto wetu, awalipe mama zao kwa kila usiku waliokesha, na atusamehe sisi tuliosema kabla ya kujua. Wabillahi tawfiq.